Ukifundisha Vizuri, Utapewa Ofisi

"Shikamoo madam. Afisa Elimu amenipendekeza niwe mkuu wa shule. Nishangilie au nikatae?" Ujumbe huu umetoka kwa mwalimu wa Fizikia ambaye nilimfundisha mwenyewe, kwa hiyo kichwa chake nakijua.

Mdogo wangu, hongera. Sasa kaa nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu wa Hisabati, na sitajishusha: nilikuwa mzuri. Somo lenyewe mnalijua. Hata mwaka 2022, waliofaulu Hisabati kidato cha nne Tanzania nzima walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Kwangu waliofeli ndio walikuwa wachache, na wazazi walihamisha watoto kuwaleta kwetu. Wakubwa wakaona nastahili zawadi. Wakanipa barua ya uteuzi.

Nilikabidhiwa ofisi mwishoni mwa 2021, fedha za kukabili athari za UVIKO-19 zikiwa ndiyo zinaingia. Serikali ilikuwa inajenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inajenga bila mkandarasi. Usiyejua fosi akaunti, shukuru. Mkuu wa shule ndiye anayesaka mchanga, kokoto, nondo na fundi, na kidato cha kwanza wanaingia Januari. Bei ya saruji inapanda, mwenye duka hataki kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, fundi anadai malipo kabla ya lenta, na kila kiongozi anayepita anauliza mmefikia asilimia ngapi. Usiku, badala ya kusahihisha madaftari, nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji na mlinzi. Vipindi vyangu akapewa kijana wa kujitolea, naye hakuwa na wa kumwelekeza, maana wa kumwelekeza nilikuwa mimi.

Madarasa yalikamilika, yakapakwa rangi, yakazinduliwa. Matokeo yalipotoka nikaitwa nieleze kwa nini ufaulu wa Hisabati umeshuka. Mbele ya kikao kizima! Umeshuka kwa sababu mwalimu wake mlimtuma akanunue nondo. Sikulisema siku ile, nalisema leo.

Kuhusu posho ya madaraka, ile 250,000 kwa mwezi, isikudanganye. Yangu iliishia kwenye vocha za simu na nauli za kwenda halmashauri.

Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza nani atabeba vipindi vyako. Ukikubali, baki na mkondo mmoja, hata kama ni kidato cha nne peke yake. Omba kwanza mafunzo ya uongozi ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo, kwa sababu kuongoza nako ni fani, haiji kwa kujua kanuni za Newton. Na narudia: vipindi, usiviachie.

Ninyi mnaoteua, nanyi nisikilizeni. Mwalimu anayewatolea matokeo mpeni hizo laki mbili na nusu akiwa na chaki mkononi, mpeni nyumba, mpunguzieni mikondo. Kwa nini heshima yote muifungie kwenye ofisi moja? Mnampoteza mwalimu, na mara nyingi kiongozi hampati.

Aliyenipokea ofisi ni mwalimu wa Jiografia ambaye darasani alikuwa wa kawaida tu. Lakini mpe wazazi wenye hasira, mpe mzabuni mjanja, mpe walimu wawili wasiosalimiana: kufikia saa nne asubuhi kila kitu kimetulia, na yeye anakunywa chai. Kabla ya hapo hakuwahi hata kufikiriwa, kwa sababu somo lake halikuwa na A nyingi.