Ajali ya ndege ya Mangalore, India, 2010: mvua au usingizi?
Hapana, mvua haihusiki. Asubuhi ile ya 22 Mei 2010 hali ya hewa Mangalore ilikuwa shwari. Ripoti ya uchunguzi inasema kapteni wa ile ndege ya Air India Express kutoka Dubai alilala zaidi ya saa moja na nusu njiani, kinasa sauti kikanasa hata mikoromo yake, akaamka bado ana mawenge ya usingizi. Ndege ikakaribia kutua ikiwa juu mno. Rubani msaidizi akamwambia mara tatu aghairi kutua, wapi! Walikufa 158, wakapona 8. Ila usingizi peke yake haukutosha: kapteni aling'ang'ania kutua, na kiwanja chenyewe kiko juu ya kilima, ukipitiliza ni bondeni.