Harufu Tamu Ndani ya Gari: Maji ya Injini Yanavujia Wapi?

SWALI: Ndugu fundi, nina Toyota Noah niliyoinunua ikiwa imetumika, na huitumia kupeleka bidhaa kutoka Mbarara hadi Kabale. Siku hizi, tukianza kupanda vilima vya huko, ndani ya gari hutokea harufu tamu, kama sukari inayoungua, na kioo cha mbele hutanda ukungu usiofutika kwa urahisi. Fundi mmoja aliiondoa themostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya injini), akaniambia niwe naongeza maji kila asubuhi, lakini harufu ipo pale pale. Nifanye nini?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, harufu hiyo ni ya kulanti, yaani maji yenye dawa ya glaikoli yanayozunguka ndani ya injini, na kwa kuwa unaisikia ukiwa umeketi ndani ya gari huku kioo kikitanda ukungu, ninaishuku kwanza rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita humo. Ikitoboka, mvuke wake hupeperushwa na feni hadi kwenye kioo, ambako huacha utando unaoteleza.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kumlipa mtu. Injini ikiwa imepoa kabisa, inua kapeti upande wa abiria wa mbele na uufute unyevu ulio chini yake kwa kitambaa cheupe. Ukipata maji safi yasiyo na harufu, hayo yanatoka kwenye kiyoyozi, na kazi ni kuzibua mpira wake wa kutolea maji tu. Lakini kitambaa kikichukua rangi ya kulanti yako, iwe ya kijani au nyekundu, kikawa na utelezi na harufu ile ile, hita imetoboka. Kapeti ikiwa kavu, kagua mipira ya maji, pampu na rejeta kubwa, ukitafuta alama za rangi zilizokaukia kwenye viungo. Usiionje kulanti kamwe. Glaikoli ni sumu ingawa ni tamu, kwa hiyo ile inayomwagwa gereji isiachwe kwenye beseni mahali ambapo watoto, mbwa au mbuzi wanaweza kuifikia.

Ushauri uliopewa ninaupinga waziwazi. Themostati, ambayo kwa kawaida hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi, ipo ili injini ifikie joto lake la kazi upesi na kulidumisha. Ikiondolewa, injini hukimbia ikiwa baridi, hunywa mafuta zaidi, na tundu halizibiki. Maji matupu nayo huidhoofisha dawa na kuleta kutu, na huko milimani yana hatari nyingine ambayo madereva wengi hawaifikirii. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndani ya injini huzuiwa yasichemke mapema na mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta, na mfumo unaovuja hauwezi kutunza mgandamizo huo. Ndiyo maana gari linalovumilia Mbarara linaweza kuchemsha likiwa na mzigo kwenye mlima wa Kabale, na likichemsha mara kadhaa silinda hedi (kichwa cha injini) hupinda na gasketi inayoiziba huungua, matengenezo ambayo bei yake haikaribiani hata kidogo na ya hita.

Tiba ni kubadilisha hita, kazi inayochukua muda kwa sababu mara nyingi dashibodi hufunguliwa. Fedha zikiwa bado hazijatimia, fundi anaweza kuiunganisha mipira miwili inayoingia kwenye hita ili maji yasipite humo. Utakosa hewa ya moto asubuhi za baridi, lakini injini itasalimika. Epuka unga wa kuziba matundu, kwani huziba pia njia nyembamba za rejeta. Themostati irudishwe, kifuniko chenye mpira uliokauka kibadilishwe, mfumo usafishwe na kujazwa kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri (si asidi), kisha hewa yote itolewe.

SWALI: Gari langu linanuka mayai viza. Je, injini imekwisha?
Msomaji, Jinja

JIBU: Si lazima. Harufu ikitoka kwenye bomba la moshi, tatizo liko kwenye mafuta au kichujio cha moshi, na injini ikaguliwe kama haitumii petroli kupita kiasi. Ikitoka chini ya boneti, pengine betri inachajiwa kupita kiasi. Zima gari, usivute sigara karibu, na usiiguse betri iliyovimba. Fundi apime volti injini ikiwaka: magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5, na ikipita 15, alteneta (mashine inayoichaji betri) itengenezwe kabla ya kununua betri mpya.