Maswali ya Wasomaji: Maji ya Norwei na Bei ya Gesi

SWALI: Dada yangu anaishi Bergen, Norwei, nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na maji. Anasema mwaka 2022 bili yake ilipanda mno kwa sababu ya gesi ya Urusi. Yawezekanaje? Na sisi tuliounganishwa na Ethiopia, tutarajie yayo hayo? (Msomaji, Kasarani, Nairobi)

JIBU: Dada yako anasema kweli, ingawa si kweli yote. Barani Ulaya bei ya jumla ya umeme wa kesho hupangwa leo kwa mnada unaofungwa saa sita mchana. Kila mwenye mtambo hutaja bei yake. Wa bei nafuu huchukuliwa kwanza, kisha wa ghali, mpaka mahitaji yatoshelezwe, na bei ya mtambo wa mwisho kuhitajika ndiyo wanayolipwa wote. Mara nyingi mtambo huo huendeshwa kwa gesi. Agosti 2022, Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilipokuwa imepunguza gesi inayopita bomba la Nord Stream la kwenda Ujerumani, bei ya gesi katika soko la Uholanzi liitwalo TTF ilipita yuro 300 kwa megawati-saa moja, ilhali miaka ya nyuma ilizoeleka kuwa karibu na 20.

Bei hiyo ilifika Bergen kwa njia ya nyaya. Mwaka 2021 zilianza kazi kebo mbili za chini ya bahari, NordLink ya kwenda Ujerumani na North Sea Link ya kwenda Uingereza, kila moja ikibeba megawati 1,400. Mwenye bwawa hana gharama ya mafuta, lakini ana uamuzi wa kufanya: maji anayoyafungulia leo hatakuwa nayo kesho. Kama mkulima wa Kitale mwenye mahindi ghalani, hawezi kukubali bei ndogo leo akijua kwamba wiki ijayo mnunuzi wa ng'ambo atatoa maradufu. Kule Tromsø, kaskazini kabisa, umeme ulibaki rahisi kwa kuwa nyaya za kuupeleka kusini ni chache.

Wanaozilaumu kebo peke yake, na wako wengi Norwei, husahau kwamba mwaka huo mabwawa ya kusini yalikuwa na maji kidogo, na kwamba kebo hizo huleta umeme vilevile. Ufaransa nayo, muuzaji mkubwa wa siku zote, ilizima vinu vingi vya nyuklia kwa sababu ya kutu kwenye mabomba, ikageuka mnunuzi. Tangu Desemba 2021 serikali ya Norwei imekuwa ikibeba sehemu ya bili za nyumbani, na tangu Oktoba 2025 inawaruhusu wananchi kuchagua bei moja isiyobadilika, øre 40 (øre ni senti ya Norwei) kwa uniti kabla ya kodi. Mwulize dada yako kama amejiunga.

Kwetu hali ni tofauti. Laini ya kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, yaweza kubeba megawati 2,000, lakini umeme tulioanza kuununua Novemba 2022 ni wa mkataba wa muda mrefu wenye bei iliyokubaliwa kwa dola. Hakuna mnada wa kuivusha bei ya jirani mpakani. Kinachovuka ni dola yenyewe, nawe utaiona kwenye bili katika mstari wa ubadilishaji wa fedha za kigeni shilingi inapodhoofika. Siku Afrika Mashariki itakapokuwa na soko la mnada kama la Ulaya, jambo ambalo limo katika mipango ya nchi zetu, ndipo utakapokuwa na haki ya kuuliza kwa nini umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria unalipwa jioni kwa bei ya mitambo ya mafuta mazito.

SWALI: Gesi ya Ulaya imeshuka sana tangu 2022. Mbona mtungi wangu haukushuka hivyo? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Ni gesi mbili tofauti. Inayopita mabombani Ulaya ni methani. Iliyo mtungini mwako ni propani na butani, nayo huingia kwa meli Mombasa ikifuata zaidi bei ambayo Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, hutangaza kila mwezi, ikiongezwa nauli, kodi na faida ya wauzaji.