“Uharibifu wa DNA wa bakteria” au “kuharibika kwa DNA ya bakteria”?

SWALI: Ninafundisha Bayolojia hapa Kigoma mjini. Katika maelezo ya homa ya matumbo niliyowaandalia wanafunzi nimeandika: “Peptidi za vijidudu ndani ya makrofaji husababisha mwitikio wa uharibifu wa DNA wa bakteria.” Mwalimu mwenzangu anasema hapo bakteria ndiye anayeonekana kuharibu. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwenzako kasoma sawasawa, na kosa limo katika herufi moja. DNA hupatanishwa katika ngeli ya I-ZI: DNA hii, DNA yake. Ukiandika “wa bakteria”, hiyo “wa” inairuka DNA na kurudi kwenye “uharibifu”, na bakteria anageuka mharibifu. Andika “DNA ya bakteria”, mwenye mali atajulikana.

Ila hata “uharibifu” wenyewe ningeuondoa. Umetokana na haribu, nao unadai mtendaji. Mvua ikiwakuta dagaa bado wameanikwa mchangani Ujiji, watu husema dagaa wameharibika. Ukitaja uharibifu wa dagaa, wataanza kuuliza kafanya nani. Kuharibika ni hali ya kitu chenyewe. Na ndivyo ilivyo ndani ya Salmonella, bakteria anayeleta homa ya matumbo: protini iitwayo RecA haimjui aliyeleta madhara. Inachogundua ni uzi mmoja wa DNA uliobaki wazi, iwe chanzo ni shambulio la seli ya kinga, mionzi au dawa kama sipro. RecA hujishikiza kwenye uzi huo. Hilo huifanya LexA, protini inayozifunga jeni za ukarabati, ijikate yenyewe. Jeni zile huamka. Bakteria huacha kugawanyika kwa muda, akarefuka kama uzi huku akijikarabati. Tena baadhi ya vimeng’enya vinavyoingia kazini wakati huo hunakili DNA kwa makosa, na makosa hayo ni njia mojawapo ya kuzaliwa usugu wa dawa. Wanafunzi wako wasikose hilo.

“Mwitikio” umelichagua vizuri. Mtu huitika akiitwa, lakini huitikia salamu au wimbo, yaani hujibu jambo. Tatizo ni kwamba “mwitikio wa uharibifu” unaufanya uharibifu ndio uitikie, ilhali anayeitikia ni bakteria.

“Peptidi za vijidudu” nazo zinawapa vijidudu silaha zetu. Mojawapo ya peptidi hizo, LL-37, yenye asidi amino 37, hutengenezwa na mwili wa binadamu. Sema “peptidi ziuazo vijidudu”. Makrofaji yafafanue mara moja tu, kuwa ni chembechembe nyeupe zinazomeza vijidudu, kisha uendelee. Bakteria mpe upatanisho wa A-WA, kwa kuwa ni kiumbe hai. Wapo wanaoandika “bakteria hizi”, nawe usichanganye yote mawili katika ukurasa mmoja.

Sentensi yako ningeivunja, vitenzi vibebe mzigo uliokuwa umebebeshwa “wa” tatu:

“Ndani ya makrofaji, peptidi ziuazo vijidudu huweza kusababisha DNA ya bakteria kuharibika, naye bakteria huitikia hali hiyo kwa kuwasha jeni za kuikarabati.”