Mama mudogo, Kanada hakuna pesa ya kuingilia, usitume ile 600

Mama mudogo na bandugu bote ba Goma, naandika hapa kwa wote juu wewe njo mutu ya ine mwezi hii ananiuliza kitu moja. Ulisema mutoto amepata viza ya masomo, tumushukuru Mungu sana, lakini ule komisionere, mutu ya kutafutia bantu makaratasi ya safari, mwenye alimusaidiaka dokima anaomba tena dola 600, ati ni za kulipa wakati ndege itashuka, bila ile batamurudisha. Mama, ile ni uongo. Usimupe hata kumi.

Kanada kibali ya kusoma inalipiwaka mbele, kwa intaneti, dola 150 za Kanada, na zingine 85 za alama za vidole na picha, jumla 235, na bila kulipa dosie haitembee. Kama mutoto ako na ile barua ya kuonyesha kwa kiwanja ya ndege, basi ile pesa ilishaingia zamani. Akifika Montréal atapita kwa mashini, itamupiga picha, atajibu maulizo, kisha afisa ataangalia barua na paseporo na kumutuma kwa chumba ya imigrasio, kule njo banachapishaka kibali na kumupa kwa mukono. Bure. Mimi siku yangu nilikuwa nimeshona dola 200 ndani ya blauzi, juu kwetu kila dirisha iko na bei yake, nikangojea ule mama wa imigrasio aniambie ni ngapi. Akanipa kibali yangu, akasema karibu. Nikabaki nimesimama palepale mpaka akanionyesha mulango na mukono.

Kitu inachanganyaka bantu ni hii: kuna pesa ya kuonyesha na kuna pesa ya kulipa. Afisa anaweza kumuuliza ako na ngapi ya kuishi, anamuonyesha karatasi ya banki, basi, hakuna mwenye atazigusa. Hata ukibeba 10,000 za Kanada ao zaidi unalazimika kusema, lakini kusema haiko kulipa. Makomisionere banajua hatujue tofauti, njo pale banakulia bantu. Pesa yenye inaweza kumutoka kweli kwa kiwanja ni ya kuficha chakula, amendi, ni kusema faini, inaweza kufika dola 1,300 za Kanada. Kwa hiyo asifungiwe nyama mu valizi, na chakula yote yenye anabeba aiseme. Mimi nilibebaka sambaza, bale basamaki badogo, za kukausha, nikasema niko na samaki, bakafungua mufuko, harufu ya Kituku, soko ya samaki ya Goma, ikajaa pale pote, bakaangalia, bakafunga, nikaenda nazo.

Sasa haiko kila nchi iko vile, sitaki museme dada alidanganya. Kuna nchi unalipa palepale ukishuka. Mwaka jana nilitaka kuona mama, na kiwanja ya ndege ya Goma ilikuwa imefungwa tangu Januari 2025, basi nikamupitia Kigali tukapanda ndege moja mpaka Dar es Salaam. Mama na paseporo yake ya Kongo akapita bila kulipa, juu tangu 2023 Tanzania iliondolea Bakongomani viza. Mimi na hii paseporo ya Kanada nikaambiwa dola 50. Nikatoa noti, ule kijana kwa dirisha akaiinua kwa mwangaza, akaona imepasuka kidogo pembeni, kama ukucha ya mutoto, akanirudishia. Mama akarudi nyuma, akafungua fundo ya kitenge, akatoa 50 mupya kabisa, akanilipia. Alinilipia shule yote kwa Goma, na pale tena akanilipia kuingia. Nililia mbele ya bantu na sikusikia haya.

Na niseme hii pia juu hakuna mwenye aliniambiaka mbele: sheria yetu haikubali uraia mbili, ukichukua ya Kanada ya Kongo inakwisha, leo hata kuja kwetu ninaomba viza kama mugeni na kuilipia. Ile inaniuma kuliko dola zote nilishalipaka. Mutoto akija ajue ile mapema, asiikimbilie sababu ya kuona benzake.

Mama mudogo, ukiwa na zile 600 mukononi, umubakizie. Akifika Januari atahitaji koti na viatu ya teluji, na atanunulia huku, asinunue kwa soko ya Birere kule Goma juu zile hazitamufaa kwa baridi ya huku. Ule komisionere akisema ni lazima, mwambie akuonyeshe dirisha yenye inapokea ile pesa inaitwa namna gani na risiti yake inafanana namna gani. Akianza kupiga kelele, nipigie. Tunapishana saa sita wakati ya joto, saba wakati ya baridi, lakini usiogope kuniamusha.