Kuona ndege wa pwani Mida: fuata maji, si saa

Ndugu yangu, umeuliza uende Watamu saa ngapi mwezi huu wa Januari ili uwaone ndege wa pwani kwa karibu, na wengi wamekujibu alfajiri. Mimi nimekulia upande huo, na naamini alfajiri peke yake haitakufaa kitu. Ndege hawa wanafuata maji. Yakipwa pale hori ya Mida, karibu na Watamu, tope linabaki wazi mpaka mbali, nao wanatawanyika kutafuta kaa na minyoo. Utaona vidoadoa tu. Yakianza kujaa, yanawasogeza kidogo kidogo mpaka ulipo.

Kwa hiyo tazama mwezi kwanza. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa kabisa asubuhi, mnamo saa nne, na kujaa sana alasiri kama saa kumi. Ingia saa nane. Jua la kaskazi wakati huo ni kali mno, kwa hiyo beba kofia na maji ya kunywa. Pita daraja la kamba lililo juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalilia, ukae. Ada ya pale imewalipia karo watoto wengi wa jirani, kwa hiyo itoe kwa moyo.

Usimkose Dromas ardeola, ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi. Anasimama kimya, anakimbia hatua tatu nne, anasimama tena, halafu anadunga. Kaa mdogo humezwa mzima. Ndege huyu hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analochimba mchangani, huko Ghuba ya Uajemi na pwani ya Omani, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kisha mtoto husafiri na wazazi hadi kwetu. Mtafute: mgongo wake ni wa kijivu, anamwandama mzazi huku akilia, na mzazi bado anamlisha kaa, miezi mingi baada ya kuanguliwa! Mimi hapo huwa nasahau hata jua.

Wale vitwitwi, ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, wanazaliana Siberia. Karibu na Aprili wanaanza kurudi, na kabla ya hapo lazima wanenepe. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiwakimbiza ili wapate picha ya kundi likiruka. Kila mruko unakula mafuta ya safari. Wakiacha kula na kuinua shingo wote pamoja, umeshakaribia mno. Rudi nyuma taratibu.

Ukipata siku ya pili, nenda pale mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi. Chukua mwenyeji akuongoze, maana kuna viboko.