Barua kwa mwanangu: Kusali ukiwa na shaka si unafiki

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi. Nimeona heri nikujibu kwa barua, maana kwenye simu mimi na wewe huishia kukatizana.

Umeniuliza: "Mama, nikifumba macho kusali sina hakika kama kuna anayenisikia. Sasa nimeombwa niongoze maombi kwenye kikundi chetu. Nikikubali, si nitakuwa mnafiki?" Ukaongeza kwamba kuna ndugu mmoja kikundini alikusomea Yakobo 1:6, pale penye wimbi la bahari linalopeperushwa na upepo, na tangu siku hiyo unakwenda ibadani kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Nianze na huyo ndugu, kwa kuwa amenikera kidogo. Yeye alianzia mstari wa sita. Angeanzia wa tano angekuta kwamba Mungu huwapa wote wamwombao "kwa ukarimu, wala hakemei". Yakobo anawaandikia watu walio majaribuni, anawaambia waliopungukiwa waombe. Anayemwonya ni mtu wa nia mbili, na sura ya nne inamweleza vizuri: anataka urafiki na Mungu na urafiki na dunia kwa wakati mmoja, na hana mpango wa kuacha kimojawapo. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu anatamani kuamini na hawezi, huyo ni mtu mwingine kabisa. Habari zake ziko kwa Yuda, kwenye ule waraka wa sura moja, mstari wa 22: wahurumieni walio na shaka. Hakuagiza wasomewe aya za kuwatisha.

Sasa unafiki. Mnafiki ana kitu anachokificha. Soma tena Marko 9, yule baba mwenye mwana aliyekuwa akiangushwa motoni na majini tangu utotoni. Amekuja kwa wanafunzi, wameshindwa. Sasa amesimama mbele ya Yesu mwenyewe, na anasema, "Ukiweza neno lo lote, utuhurumie, na kutusaidia." Ukiweza! Hiyo ni shaka iliyosemwa usoni pa Bwana, mbele ya umati. Yesu anamrudishia neno lake lile lile, na ndipo mzee wa watu anapaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuambiwa aende kwanza akamalize huko kutokuamini ndipo arudi. Mtoto wake alipona siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukisema, "Bwana, sijui kama unanisikia, lakini nakuambia wewe," umekwisha kusali, tena kwa ukweli kuliko wengi wetu tunaopanga maneno mazuri huku mawazo yetu yako kwingine.

Sikuambii kwamba shaka zote ni za namna moja. Ziko za kichwani, zinazotaka vitabu na mtu mwenye subira wa kubishana naye. Iko pia ile ambayo mtu amechoka kutii, akatafuta jina la heshima la kuuita uchovu wake. Na iko ya jeraha. Katika ujumbe wako umeandika aya nne kuhusu sayansi na uumbaji, na mstari mmoja tu kuhusu baba yako. Mimi ni mama yako, najua kusoma ule mstari mmoja. Uliomba apone, tukamzika. Usitafute dawa ya kidonda hicho kwenye mjadala wa uumbaji.

Nikueleze jambo ambalo hukuliona, kwa sababu ulikuwa umesharudi kazini. Baada ya mazishi nilikuwa siwezi kumaliza Sala ya Bwana. Nilikuwa naketi ukingoni mwa kitanda, upande aliokuwa akilala yeye, naanza "Baba yetu uliye mbinguni", nikifika "mapenzi yako yatimizwe" koo linakataa. Sikuwa nimesahau maneno, sikutaka kuyasema. Nikawa naruka, naenda moja kwa moja kwenye mkate. Kanisani nilikuwa nafunga mdomo pale pale, wengine wakaendelea. Nyuma yangu kuna mzee mwenye sauti nzito, husali polepole kuliko kanisa zima, kiasi kwamba kila mara anabaki nyuma peke yake. Wote wameshapita, ndipo unamsikia yeye: "mapenzi yako yatimizwe." Naye alikwisha kumzika mkewe. Nikawa nasema moyoni, haya, leo niseme kupitia kwake. Hata sijui ni lini niliyarudia mwenyewe. Siku moja nilijikuta niko kwenye "utusamehe deni zetu" na sikuwa nimeruka kitu.

Hakuna aliyenieleza kwa nini baba yako hakupona. Swali hilo ninalo mpaka leo, na Yule ninayemuuliza ninamwamini. Ndivyo ilivyo kwangu. Ukisubiri niwe na jibu ndipo unisikilize, utasubiri sana.

Ndiyo maana nampenda Tomaso, na naona watu wanamwonea. Huyu ndiye aliyesema katika Yohana 11, "Twende na sisi, ili tufe pamoja naye," wakati wenzake wanahesabu hatari. Alikuwa mtu wa kupenda sana, na mtu wa namna hiyo akivunjika huwezi kumpoza kwa habari njema ya kusimuliwa. Wenzake wakamwambia wamemwona Bwana, akasema asipotia kidole penye misumari hasadiki. Wahubiri wengi hukimbilia makovu. Mimi hukaa kwenye yale maneno ya katikati, Yohana 20:26: baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Siku nane nyumba moja, wengine furaha imewajaa, mmoja hana. Hawakumfukuza. Wala yeye hakuondoka akisema hapa si mahali pangu. Angekuwa ameondoka, angekosa kuwapo Yesu alipokuja.

Na kwa kuwa unapenda historia, chukua hii ya John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti. Mwaka 1738 alikuwa tayari ni kasisi, amekwisha kwenda Georgia kama mmisionari na kurudi Uingereza akiwa amevunjika moyo, akiona kwamba hana imani ya kweli. Akataka kuacha kuhubiri. Mhubiri mmoja wa Kanisa la Moravian, Peter Böhler, akamshauri ahubiri imani mpaka aipate, na akishaipata aihubiri kwa sababu anayo. Tarehe 24 Mei mwaka huo, katika mkutano mtaa wa Aldersgate, London, akisikiliza utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi ukisomwa, alihisi moyo wake ukipata joto. Hapo ndipo watu hupenda kufungia hadithi. Lakini mwaka 1766 Wesley huyo huyo alimwandikia ndugu yake Charles barua nzito, akikiri kwamba haoni kama amewahi kumpenda Mungu. Na aliendelea kuhubiri, mpaka uzee wake, hadi alipofariki mwaka 1791. Basi usije ukangoja joto la moyo kama ndiyo cheti cha kuanzia.

Utaniuliza, sasa nifanye nini Jumatatu asubuhi? Yapo mambo ambayo huna shaka nayo hata kidogo. Una shaka kama Mungu anasikia, lakini huna shaka kwamba yule mwenzako wa kazini uliyeacha kumsalimia unapaswa kumsamehe. Umenilalamikia habari zake tangu mwaka jana. Anzia hapo. Bwana alisema katika Yohana 7:17 kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua kama mafunzo haya yatoka kwake. Angalia alivyopanga: kutenda kumetangulia, kujua kunafuata. Sisi wasomi, na ninyi watoto wetu zaidi, tunataka kuugeuza mpango huo. Mimi sijaona mtu aliyefika kwa njia hiyo ya kugeuza, ingawa pengine wako. Niliowaona wakirudi walianza na kitu kidogo walichokijua ni cha haki, wakakifanya wakinung'unika.

Kuhusu kikundi, usikubali kwa kuona haya, wala usikatae kwa kuona haya. Mwendee kiongozi wenu mkiwa wawili tu, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Akikwambia subiri, subiri, lakini usiache kuhudhuria. Akikwambia njoo hivyo hivyo, basi usijilazimishe kutunga sala ya kupanda na kushuka kama ya wengine. Soma Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla hajaomba kitu chochote. Hakuna atakayekuona mnafiki kwa kuisoma. Mstari wa tano unasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Huo ukikushinda, mpe mtu mwingine ausome, mnaweza hata kupangana mapema.

Yule ndugu wa wimbi la bahari usimjibu. Ila kama ni lazima, mpe mstari wa tano.

Niandikie nijue ilivyokwenda, na usiandike yale unayodhani mama anataka kuyasikia. Shangazi yako anakusalimu. Anasema ile pesa yake hajaisahau, nami nimemwambia utaanzia hapo hata kabla ya yule mwenzako wa kazini.

Mama yako